Wingu likitanda: kuishi vuli na watoto wadogo nyumbani Pemba

Masika yakishika yameshika. Nyumba nzima inajua kutwa ni maji. Vuli haipigi hodi. Kuanzia Oktoba hadi Disemba, pepo za kusi zimekwisha nguvu na za kaskazi bado hazijakaa sawa, asubuhi jua linachoma, saa sita wingu jeusi limesimama upande wa bahari, saa sita na nusu ua umejaa maji, na saa nane unaulizwa na mtoto kwa nini hamtoki nje, maana jua limerudi. Kuna miaka huja haba mpaka muhogo unadumaa. Kuna miaka ya El Niño, kama 1997 na 2023, ikamwagika kupita kiasi Afrika Mashariki nzima.

Kwa mwenye mtoto anayetambaa, mwengine wa miaka minne, na karafuu jamvini, msimu huu haupangiki kwa saa ya ukutani. Pangia wingu. Kila kazi ya nyumba, pamoja na kazi za watoto, itafutie mahali pake: ya jua, ya wingu au ya maji. Anayeishi Unguja mjini ayachukue yanayomfaa, ya karafuu ayaruke.

Kabla ya tone la kwanza

Hii ni kazi ya Septemba, vumbi lingalipo. Apande mtu juu ya paa aangalie misumari ya mabati. Penye kutu ndipo patakapovuja. Wa nyumba ya makuti naye atizame ndani mchana, taa ikiwa imezimwa: panapopenya nuru ndipo pa kuongezwa kuti. Kitanda cha mtoto kiondoshe chini ya doa lolote la mwaka jana, hata kama fundi amekuapia kwamba ameziba.

Kisha zunguka nje, na umchukue mtoto mkubwa mwende pamoja. Kifuu kilichokaa chali, kopo la rangi, tairi bovu, sufuria iliyotoboka nusu: vyote ni nyumba za mbu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka hupita kiasi cha wiki moja mpaka siku 10 katika joto letu, kwa hiyo siku moja ya kila wiki ipewe kazi ya kumwaga maji. Siku nzuri ni Ijumaa asubuhi, ukumbi ukifagiliwa kwa ajili ya sala. Pipa la maji usiishie kulimwaga tu, lisugue na kuta zake. Mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hugandisha mayai ukutani mwa chombo, na mayai hayo huvumilia ukavu miezi kadhaa yakisubiri maji mengine. Mtoto wa miaka minne ana macho makali kuliko wewe kwa kazi hii. Mwambie atafute viluwiluwi, atakuletea mpaka uchoke.

Mashimo ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Pemba tunachimba udongo wa kujengea nyuma ya nyumba, tunajenga, tunalisahau shimo. Vuli inalijaza, na maji yake ni ya rangi ya chai, huoni chini. Lifukie, na kama huna nguvu ya kulifukia liwekee ua wa miti ya kweli, si kamba. Kisima kiwe na mfuniko mzito asioweza kuusukuma mtoto. Na ndoo: mtoto anayetambaa huzama kwenye ndoo yenye maji ya vidole vinne tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujiinua. Ndoo za kukingia mvua ziwekwe juu ya kitu au zifunikwe.

Chandarua nacho kishushwe, kifuliwe, kishonwe matundu. Zanzibar imeishusha malaria mpaka chini ya asilimia 1 ya watu kwa miaka mingi, na hilo ndilo lililotufanya wengi wetu tukikunje chandarua tukiweke juu ya kabati. Lakini watoto waliozaliwa katika miaka hiyo miili yao haijawahi kupigana na ugonjwa huu, na mgeni mmoja anayerudi na vijidudu kutoka bara anatosha kuuanzisha mtaani. Kitundike.

Mwisho weka akiba kavu: kuni na makumbi chini ya banda, mkaa kwenye polo lililoinuliwa kutoka sakafuni, pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ya kumnywesha anayeharisha), sabuni, taa ya sola au kandili iliyojaribiwa. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Jua likiwepo

Hapa sina mengi. Mawinda, yaani nepi za kitambaa, yafuliwe alfajiri yapate jua la asubuhi, maana la mchana halina dhamana. Maji ya kunywa yachemshwe mapema kwa siku nzima, na yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa. Kufuka moshi peke yake hakutoshi. Mvua zikianza, maji ya visima vifupi huchanganyika na ya makaro, na maji yakawa safi kwa macho tu.

Na watoto watoke. Hata kama kazi zimekuelemea, wafukuze uani. Mtoto aliyefungiwa ndani asubuhi yenye jua atakulipisha jioni yenye mvua.

Wingu

Hiki ni kipande kifupi, pengine dakika kumi au ishirini, na ndicho kinachoamua kama siku yako itaharibika. Upepo unageuka, kuku wanakimbilia banda, kiza kinashuka juu ya mikarafuu. Mtu mmoja akisema "Anueni!" kijiji kizima kinasimama.

Kosa la kawaida ni kila mtu kukimbilia jamvi. Ninavyoona mimi, mpango ni huu, na usibadilike hata siku moja ili watoto waujue kwa mazoea. Kwanza mtoto mchanga: aingizwe ndani, awekwe mahali pamoja palepale kila siku, sakafuni juu ya mkeka na si juu ya kitanda anachoweza kuanguka, na mtu mmoja wa kumwangalia. Pili moto: jiko la mkaa lililo uani liondoshwe njiani, kwa sababu watu watakimbia bila kutizama. Tatu karafuu. Nguo za mwisho. Nguo ikilowa itafuliwa kesho. Karafuu iliyokaribia kukauka ikinyeshewa hupoteza rangi, na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, inanunua kwa madaraja, kwa hiyo rangi ni pesa ya skuli ya watoto haohao.

Sasa wape kazi. Hapa tunatofautiana na majirani wengi wanaopenda kuwafungia watoto chumbani wakati wa kuanua. Mtoto aliyefungiwa hulia, hupiga mlango, na wewe akili yako inagawika. Mwenye kazi yake huwa mshirika. Wa miaka miwili abebe kikapu kitupu kutoka ukutani mpaka jamvini. Hakina faida kubwa, lakini amekipeleka, na mikono yake haikuwa motoni. Wa minne awaingize kuku, au akusanye viatu vyote vilivyo nje. Wa sita ashike pembe ya jamvi pamoja na mtu mzima, akunje kuelekea katikati ili karafuu zirundikane, kisha zichotwe kwenye polo. Usimpe mtoto polo libebwe kichwani juu ya udongo unaoteleza, hata akililia.

Mkimaliza, kabla maji hayajaanza, hesabuni watu. Kwa sauti, kwa majina. Watoto hulipenda hili kuliko mchezo wowote, na ni njia ya kujua kama kuna aliyebaki nyuma ya choo.

Maji yakianza

Sasa mmo ndani, mabati yanapiga kelele hamsikilizani. Umeme, kama ulikuwepo, unaweza kwenda. Chomoa simu na televisheni ukutani kama kuna radi, na asitoke mtu kwenda kujikinga chini ya mnazi.

Kuhusu kucheza mvuani, bibi atagomba, na bibi aheshimiwe. Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi hupenda watoto waliobanana chumba kimoja madirisha yamefungwa. Mvua ya vuli ni ya joto. Kama hakuna radi na ua hauna shimo, waache wale wakubwa kidogo waoge mvua mpaka watosheke, kisha wapanguswe na kuvalishwa nguo kavu. Wakitetemeka, waingie. Mwenye kikohozi cha kubana au pumu abaki ndani na apewe kazi ya fahari, kama kushika taulo.

Ndani, usijaribu kuwatafutia mchezo mpya kila nusu saa. Mkeka mmoja, vitu vichache, na mtu mzima anayefanya kazi yake karibu. Vitambaa vya kanga chakavu vinatengeneza mwanasesere: funga fundo la kichwa, kamba kiunoni, basi. Karara la mnazi limekwisha kuwa na umbo la chombo, halihitaji fundi. Linawekewa kijiti na tanga la jani, na mvua ikikatika linapelekwa kwenye mfereji wa maji likiwa na abiria wa kokoto. Wenye miaka mitano kwenda juu wanaweza mdako, ila kokoto zisiwe na mdogo wao karibu. Ukuti ukuti unahitaji nafasi, sogezeni viti.

Kazi bora kabisa ya wakati wa maji, kwangu, ni kupika muhogo wa nazi. Ni chakula cha bei ndogo, kinapikwa polepole, na kila umri una sehemu yake. Mtu mzima amenye muhogo, aupasue na kuutoa mzizi wa katikati. Kisu hakihusu watoto, wala mbuzi ya nazi haimhusu mwenye miaka mitatu, meno yake yanakata. Mtoto aoshe vipande katika beseni na avihesabu anapovitia chunguni. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa tui la kwanza, mpe chicha na maji ya vuguvugu aikamue kwa mikono yake miwili: hilo ni tui la pili, jepesi, la kuuchemshia muhogo pamoja na chumvi. Tui la kwanza, zito, uliweke kando litiwe mwisho, muhogo ukishalainika, moto ukiwa mdogo, na likorogwe lisikatike. Mwenye samaki aongeze samaki wa kukaanga pembeni. Chicha wape kuku, nao wamejikunyata mlangoni wanasubiri.

Kama mnapikia ndani kwa sababu banda la jiko linavuja, milango na madirisha yasifungwe yote. Mkaa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu waliolala. Kwa sababu hiyohiyo usiingize jiko la mkaa chumbani usiku ili kukausha mawinda. Tundika kamba ukumbini penye upepo, panua nafasi kati ya nguo, na ukubali kwamba siku nyingine mtoto atavaa kipande cha kanga kuukuu. Winda lenye unyevu likivaliwa hivyohivyo linaleta upele unaomliza mtoto usiku kucha.

Vuli pia ni msimu wa matunda, na hapa watoto wanafaidi. Maembe yanaanza kushuka, boribo na dodo. Shokishoki zinauzwa kwa mafungu barabarani. Zambarau zinatia midomo rangi. Doriani inanukia nyumba nzima, apende asiyependa. Embe lioshwe na kumenywa, kwa sababu utomvu wa kikonyo huunguza midomo ya mtoto mwenye ngozi laini. Shokishoki umtolee kokwa mwenyewe kila aliye chini ya miaka minne: tunda lile linateleza, na kokwa lake linaingia kooni bila kugonga. Mwenye miezi chini ya sita hana haja na tunda lolote wala maji; maziwa ya mama yanamtosha hata kwenye joto la baada ya mvua.

Usiku wa kuchambua

Karafuu zilizochumwa leo zinasubiri. Baada ya magharibi zinamwagwa katikati ya ukumbi, watu wanazunguka, na kazi ya kutenganisha karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, inaanza, pishi kwa pishi. Wageni wanaona ni kazi ya kuchosha. Kwa familia yenye watoto ni ukumbi wa mazungumzo, na ningependa kila mzazi autumie hivyo, hata asiye na mikarafuu akaweka choroko za kupeta.

Wapange watoto hivi. Wa miaka mitano kwenda juu wakae kwenye duara na kirundo chao kidogo, na wasishindanishwe na wakubwa. Makonyo yakusanywe na yasitupwe, yana bei yake pia: kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyakamua mafuta. Walio chini ya miaka mitatu wawe nje ya duara, juu ya mapaja ya mtu asiyechambua. Karafuu ni ndogo kiasi cha kuingia puani na sikioni, na mtoto wa miaka miwili anajua kujaribu kote kuwili. Ikiingia puani usichokonoe kwa kijiti wala kwa kibano, utaisukuma ndani. Mpeleke kituo cha afya. Na mafuta ya karafuu, ambayo nyumba nyingi huwa nayo kwa ajili ya jino, yafungiwe juu. Ni makali mno. Kiasi kidogo kikimezwa na mtoto mchanga kinaweza kuliumiza ini lake.

Hadithi zianze mapema, wakati mikono bado ina nguvu. Anayesimulia aseme "Paukwa!" na duara zima lijibu "Pakawa!" Wadogo hawafuati hadithi ndefu ya Sungura na Fisi mpaka mwisho, lakini kiitikio wanakijua, na ndicho kinachowazuia wasilie usingizi. Vitendawili viwafae wa kati. "Kuku wangu katagia mibani" ni rahisi kwa mtoto aliyeona nanasi shambani. "Ajifungua na kujifunika" utakijibu mwavuli ulio nyuma ya mlango. Asiyejua atoe mji. Na mtoto mdogo akitoa mji wowote, hata Wete anakokaa, upokeeni kwa furaha.

Umeme ukikatika msihangaike. Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kizima kilipokaa gizani baada ya njia ya umeme kutoka bara kuharibika, wanajua kwamba watoto ndio waliozoea upesi zaidi. Taa ya sola iwekwe juu iangaze wote. Kandili iwe juu ya meza isiyo na kitambaa cha kuning'inia. Kibatari na mshumaa si vya nyumba yenye mtoto anayetambaa na chandarua kilichotundikwa.

Wakilala, chomeka chandarua chini ya godoro pande zote nne. Mguu wa mtoto ukigusa wavu, mbu humuuma kwa nje, kwa hiyo mlaze katikati.

Mtoto akiugua

Kuharisha ndiko kunakobisha sana hodi msimu huu. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi, si kikombe kimoja, na yakipita masaa 24 mwaga utengeneze mengine. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazishwa. Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, kwa kijiko, polepole. Mkubwa zaidi apate 100 hadi 200. Akitapika ngojea dakika kumi uanze tena. Kunyonya kusisimame. Kituoni watakupa pia vidonge vya zinki, na vitumiwe siku zote 10 hadi 14 hata kama tumbo limeshafunga. Choo kikiwa maji matupu yanayofanana na maji ya mchele, usingoje kuche: hiyo inaweza kuwa kipindupindu.

Homa yoyote ipimwe malaria, hata kama unaamini ni meno. Mwenye kikohozi mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni haraka mno, aende. Asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea haamki sawasawa, huyo aondoke saa hiyohiyo, mvua iwe mvua. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe na asipewe maziwa; naye aondoke.

Kwa hiyo mfuko uwe tayari nyuma ya mlango tangu Oktoba: kadi ya kliniki, kanga mbili kavu ndani ya mfuko wa plastiki, tochi, na nauli isiyoguswa kwa sukari. Zungumza mapema na mwenye gari au bodaboda wa kijijini, mkubaliane atapita njia gani kama bonde limejaa maji, na namba yake iandikwe kwa kalamu ukutani, kwa sababu simu yenye namba hiyo ndiyo itakayokuwa haina chaji.